Kanze Alivyotuchagulia Mbwa

Hapa Msambweni wanamwita Mama Mbwa, na wengi wanaomwita hivyo hawana nia njema. Jina lake ni Kanze Nzai. Ana miaka sitini na kitu, anafuga mbuzi kumi na saba nyuma ya mji, na kila asubuhi hupita mtaani kwetu na dumu la maziwa. Kwa miaka minne nilinunua maziwa yake bila kumwuliza lolote zaidi ya iwapo yamechujwa. Ninaandika habari zake leo kwa sababu nimechoka kusikia watu wazima, wengine wao wenzangu katika chumba cha walimu, wakimcheka mwanamke anayejua jambo ambalo sisi hatulijui.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nina shahada, na katika shahada hiyo nilisoma tabia za wanyama kwa muhula mzima. Nayasema haya ili msomaji apime ukubwa wa kosa nililolifanya.

Mwaka jana nguchiro walitumalizia kuku, nami nikaamua tufuge mbwa. Tulikuwa na binti yetu Judy, wa miaka sita, paka wa kijivu, na mbuzi jike aliyekuwa karibu kuzaa. Nilitaka mbwa mpole, aliyekwisha kukua. Meneja wa nyumba moja ya wageni huko Galu akaniambia anaye, anaitwa Bosco, na mwenye nyumba anahama.

"Huyu anapenda watoto kupita kiasi, madam," alisema. "Akiwaona tu, anawakimbilia."

Nilimshukuru. Asichoniambia, na hadi leo sijamsamehe, ni kwamba kwa miaka mitatu kazi ya Bosco ilikuwa kuwafukuza tumbili. Kila mtu wa pwani hii anajua jinsi tumbili wanavyoshuka mezani kwa wageni na kuondoka na mkate. Mbwa wa nyumba zile hufundishwa somo moja: kiumbe kidogo kikikimbia, kifuate. Bosco alikuwa amefuzu somo hilo, akasifiwa, akapewa nyama. Na nyumbani kwetu viumbe vidogo vyenye mbio vilikuwa vitatu: paka, mwanambuzi aliyezaliwa wiki ile, na Judy.

Paka alihamia darini. Mwanambuzi aliumwa mguu. Judy hakung'atwa; aliangushwa kifudifudi, na mbwa akasimama juu ya mgongo wake akibweka, akingoja sifa zake. Nilimfunga Bosco kwa mnyororo siku ileile, lakini binti yangu hakukanyaga tena uani. Kila siku alirudi kutoka shuleni akibebwa na baba yake kuanzia langoni hadi mlangoni, kisha akaketi dirishani. Mwanarusi, binti wa jirani yetu Zainabu, ambaye kila jioni alikuja kuruka kamba baada ya madrasa, naye akaacha kuja. Wiki sita zilipita hivyo. Sikutaka makubwa: nilitaka mwanangu auvuke ua wake mwenyewe kwa miguu yake.

Ndipo asubuhi moja Kanze alipoweka dumu chini na kumtazama mwanambuzi aliyekuwa akichechemea.

"Nani kamwuma huyu?"

"Mbwa wetu, mama. Namtafutia mtu wa kumpiga sindano alale moja kwa moja."

Alimwendea Bosco, akasimama pembeni ya mnyororo bila kumtazama usoni, akamwacha amnuse leso.

"Huko alikotoka alikuwa akifanya kazi gani?"

Nilipomweleza yale niliyoyagundua baadaye kuhusu tumbili, alitikisa kichwa. "Basi hana kosa, mwanangu. Umeajiri askari ukamfanya yaya. Sasa askari amemkamata mtoto, wataka kumnyonga."

Ana kaka, Chome, anayelima mahindi upande wa Lunga Lunga, ambako tumbili na nyani humla mkulima akiwa hai. Bosco aliondoka ndani ya pikapu ya Chome siku ya Alhamisi, na habari ninazozipata ni kwamba sasa ni mbwa mwenye heshima zake.

Mbwa wa Kanze alikuwa amezaa. Nilimwomba mtoto mmoja, nikidhani nitampata jioni ileile.

"Sitoi mbwa sijaiona nyumba," alisema.

Nilikasirika, nakiri. Nimezoea kukagua, si kukaguliwa. Hata hivyo alikuja Jumamosi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na nikaanza kumwonyesha mahali nilipokusudia kujenga kibanda. Hakupatazama. Alinyoosha kidole kwenye ua wa makuti.

"Kule kwa nani?"

"Kwa Zainabu."

"Umemwuliza?"

"Nimwulize nini? Mbwa ni wangu."

"Mbwa hana ua, mwanangu. Twende."

Zainabu alikuwa akichambua mchele barazani. Alitukaribisha, akasogeza ungo, na Kanze akamweleza shida yetu waziwazi: kuna mtoto anayeogopa, kuna mbwa anatafutwa, na nyumba hii ni ya watu wa sala; je, mbwa wa namna gani hatawaudhi? Zainabu alinitazama mimi, si yeye.

"Mama Judy, wiki zote hizi nangoja uniulize hilo."

Nilikuwa nimejiaminisha kwamba Mwanarusi alizuiwa kuja kwa sababu ya dini, na nikamkasirikia jirani yangu kimyakimya kwa jambo ambalo sikuwahi kumwuliza.

"Mbwa wa kulinda mifugo hatujakatazwa," Zainabu aliendelea. "Na akiwa mkavu, mtoto mkavu, hakuna neno. Taabu ni mate. Yule wenu wa Galu alimlamba mwanangu uso akiwa na kanzu ya madrasa. Nikamwosha mara saba, moja kwa udongo, naye analia, maji yenyewe ya kununua. Nikasema basi, hendi tena."

"Kwa hiyo tumtafute asiyelamba," Kanze alisema.

"Yupo wa hivyo?"

"Binadamu wasiosengenya wapo?" Kanze alijibu. "Wachache. Watafutwa."

Zainabu alicheka hadi mchele ukamwagika.

Kuanzia hapo nilimpeleka Judy zizini kwa Kanze jioni tatu mfululizo, na hapo ndipo nilipomjua mwenyeji wetu. Alizaliwa bara ya Kwale, karibu na Mackinnon Road, katika nyumba ya Waduruma wafugaji. Alipokuwa na miaka tisa baba yake alipewa mbwa na dereva wa lori, mbwa mzuri mwenye manyoya ya dhahabu, na mbwa huyo akamchana Kanze muundi siku ya pili. Kovu bado lipo. Alimwonyesha Judy, na Judy akaligusa kwa kidole kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo baba yake alirudi kwenye desturi aliyoidharau: mbwa wa nyumbani azaliwe ndani ya zizi, afumbue macho aone mbuzi kabla hajaona mtu. Kanze alikua akiwatazama watoto wa mbwa kama mimi nilivyotazama vitabu, akaolewa akaletwa huku, akafiwa na mume, na katika yote hayo hakuacha kutazama.

Kulikuwa na vijibwa vitano. Judy, akiwa mapajani mwangu, alimpenda mweupe, aliyekuwa wa kwanza kutukimbilia kila tulipofika. Mimi pia nilimpenda. Kanze hakubisha. Jioni ya tatu alituagiza tumlete paka ndani ya tenga, akaliweka katikati ya zizi, akaketi.

Kijibwa cheupe kililirukia tenga na kulitafuna. Wawili walijificha. Wawili wengine walibweka hadi wakachoka. Mama yao, jike la rangi ya udongo aliyeitwa Wacha Waseme, alikuja taratibu, akanusa tenga mara moja, akageuka na kulala akilipa mgongo. Mwanambuzi mmoja akampanda ubavuni. Mbwa akapumua tu.

Kanze hakumtazama paka wala mbwa. Alikuwa akimtazama Judy, ambaye bila kujua alikuwa ameshuka mapajani mwangu.

"Mchukueni huyo mkubwa," alisema.

Nilifikiri nimekosea kusikia. Wacha Waseme ndiye aliyetembea na mbuzi wa Kanze kila siku.

"Mama, sisi tulikuja kwa mtoto."

"Kijibwa kina meno ya sindano na hakijui adabu. Mtoto mwoga hapewi mtoto mwenzake amlee. Apewe mtu mzima."

"Na mbuzi wako?"

"Nina hawa watano, maziwa wamekwisha kuacha. Yule mweupe ana mbio, mbweha watamkoma. Nitatembea nao mwenyewe mpaka wajue." Kisha akatoa kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa kutoka kwenye mkunjo wa leso, akanikabidhi kwa mikono miwili, akainuka kwenda kukamua.

Ninawajua watu waliolipa fedha nyingi Diani kwa mbwa wenye vyeti vya ukoo, bila wao kuulizwa hata kama wana mtoto. Mwanamke huyu, wanayemcheka, aliuliza mbwa alifanya kazi gani, jirani anasali vipi, paka yukoje, na mtoto anaogopa nini. Kisha akatoa kilicho bora alichokuwa nacho, akabaki na kazi mara mbili.

Siku nne za kwanza Wacha Waseme alishinda amelala chini ya mwarobaini, mbuzi wetu wakimzunguka. Judy alimtazama kutoka dirishani, kisha kutoka mlangoni, kisha kutoka kwenye ngazi. Siku ya tano, nikiwa nasahihisha madaftari sebuleni, nilisikia sauti ya Mwanarusi nyuma ya makuti.

"Kalala?"

"Kalala," Judy alijibu kutoka kwenye ngazi.

"Na mdomo?"

Niliinuka, nikajizuia nisiende mlangoni. Kupitia dirishani nilimwona binti yangu akishuka, akipita mbele ya mbwa, akiinama kidogo kumchungulia usoni. Wacha Waseme alifumbua jicho moja, akalifumba.

"Kaufunga," Judy alisema, na akaendelea kutembea hadi kwenye ua. "Njoo na kamba."

Asubuhi yake Kanze alipita na dumu lake, vijibwa viwili vikimfuata miguuni kwa vurugu. Alisimama langoni akautazama uwanja, alama za kamba mchangani, na paka aliyelala hatua tatu kutoka kwa mbwa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya shukrani, maneno ya mtu aliyesoma.

"Umechakazwa mchanga huu," alisema kabla sijafungua kinywa, na akanijazia kibaba hadi maziwa yakafurika.