Mbuzi Aliyeingia Kanisani

Mtumbwi wa baba wa kutengenezea rubisi, pombe yetu ya ndizi, ulipasuka nikiwa mtoto, kule Nyanga. Babu aliuchonga kwa mti mmoja mzima. Pombe yote ikanywewa na mgomba, na mgomba ule ukazaa mkungu mkubwa hata majirani wakasema umelewa. Hiyo si habari yangu, ila baba alikwenda Muleba kuazima mtumbwi kwa rafiki yake, na tangu hapo nyumba mbili zikawa zinatembeleana. Nilipoota ndevu, nikawa ndiye ninayetumwa. Rafiki huyo alikuwa na binti. Haya, tumefika.

Ni enzi za Mwingereza, na shule nilikuwa nimeionja tu. Mwenzangu aliyemtaka pia binti yule alitoka Bilele mjini, ana baiskeli, ana kofia. Siku moja mvua ikatufungia sote wawili ndani ya msonge, nyumba ya nyasi ya mviringo, wa baba yake binti. Bibi yake binti, ambaye neno lake ndilo lililokuwa likiozesha pale, akatugawia kahawa ya kutafuna.

"Tupeni hadithi, mvua ipite. Nimpime kila mmoja."

Kwetu msimuliaji hujibiwa. Akisema ameona, wasikilizaji humhimiza azidi kuona, ili nao waone. Wakinyamaza, hadithi imekufa.

Mwenzangu akaanza na simba wa Karagwe, mkubwa kama nyumba. Wakamjibu kidogo. Kisha bibi akauliza, "Mwanangu, huyo simba alikuwa amelala au amesimama?"

"Alikuwa... mkubwa sana, bibi."

"Waitu, mwana wetu, nyumba yako haina mlango. Tuingilie wapi?"

Mimi nikaleta mbuzi wa jirani, aliyekula makapi ya rubisi Jumapili asubuhi akaingia kanisani. Sikusema amelewa. Nilisema alisimama upande wa wanaume, akaegemea benchi, sikio moja juu, moja chini, akamtazama mchungaji kama mtu mwenye swali.

"Ona, nasi tuone!" Baba mtu alijibu mpaka kahawa ikampalia.

Hadithi ndivyo ilivyo. Usimwambie mtu acheke. Mpe sikio la mbuzi, kucheka anajua mwenyewe. Na aliyekwisha kuona kitu pamoja nawe, hata mbuzi, hawezi tena kukuita mgeni.

"Mchungaji akafunga Biblia," nikasema, "akashuka, akamwendea..."

 Nikachukua punje ya kahawa, nikaitafuna polepole. Mvua ikasikika juu ya nyasi za paa.

Nyuma ya ukuta wa matete, ambako msichana anayeposwa hukaa kimya kabisa wachumba wakiwapo, sauti ikatoka.

"Halafu?"

Bibi akajipiga paja. "Mmemsikia? Basi mimi niseme nini tena!"

Nyumba nzima ikalipuka kwa vigelegele, nami nikawa mrefu kuliko msonge.

Mwenzangu akavaa kofia. "Naenda kuitazama baiskeli yangu," akasema. Akatoka mvuani, akapita katikati ya migomba akiisukuma, wala hakurudi tena.