Jezi Imetakata

Jamani, juzi nilicheka nikajuta. Niko kwa fundi wa fremu hapa mjini Moshi, nangoja picha ya kipaimara ya mjukuu wangu, wakaingia mzee na mkewe kutoka Kibosho. Kijana wao alikuwa golikipa, amefariki. Fundi alishawatengenezea sanduku la mbao lenye kioo, la kutundika ukutani na jezi yake ndani, ile waliyoisaini wachezaji wenzake wote, na yeye mwenyewe pia.

Mama akafungua kanga. Jezi nyeupe pee, imepigwa pasi, inanukia sabuni.

Mzee akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. "Mama, maandishi yako wapi?"

"Si yalikuwa madoa ya kalamu, baba? Nimeyasugua na majivu siku mbili mpaka mikono imechubuka. Ningemtundikaje mwanangu mchafu mbele ya watu?"

Mimi nikaangua kicheko, mnanijua. Nikacheka peke yangu. Mzee alikuwa anapitisha kidole kifuani pa jezi, taratibu, kama anasoma.

"Jina lake aliliandika hapa," akasema. "Kwa mkono wake."

Mama akaitazama mikono yake, akaificha ndani ya kanga.

Fundi akauliza kwa sauti ndogo, "Nifunge, mzee?"

"Funga."

Nyie mliosoma, msimcheke yule mama. Wino ukishatoka hauna fundi. Na ningekuwa mimi, ningeifua vile vile, tena ningeitia na bluu ya kufulia.