Se désister: siku jaji wa Muyinga alipomuuliza mama yangu anaacha nini

Wakuu, habari za jioni. Wenye kesi za nyumba Burundi na Kongo sogeeni karibu, wengine someni tu. Sitii chumvi, nilikuwepo mwenyewe, benchi la nyuma.

Kitenzi chenyewe ni se désister. Kamusi itakwambia ni kujitoa kwenye kesi. Haijadanganya, ila imekuacha njiani.

Twende taratibu.

Mama yangu ni mzaliwa wa Muyinga, mtaa wa Waswahili. Babu alikuwa muuza vitambaa, na kabla hajafa alimpa mama vyumba viwili vya uani mbele ya mashahidi. Nyumba kubwa akampa mjomba Rajabu, kaka yake mama.

Vita ikaja, tukakimbilia Kigoma. Ndiko nilikokulia, ndiyo maana Kiswahili changu mnakielewa.

Tuliporudi tukakuta vyumba vina wapangaji wa mjomba, na mwenyewe hataki mazungumzo. Tukapanga Gitega, mama akarudi kwenye cherehani yake. Wazee wa mtaa wa kule Muyinga walijaribu kusuluhisha mpaka wakachoka. Mama akafungua kesi mahakama ya hukohuko, tribunal kama tunavyoiita.

Ikawa ya njoo kesho, njoo keshokutwa. Kaka na dada hawasalimiani hata msibani. Hilo lilimuuma mama kuliko vyumba, nawaambia ukweli.

Sasa Idi moja, mjomba huyo mlangoni kwetu Gitega, kavaa kanzu, kabeba mchele. Akalia. Mama naye akalia. Wakashikana mikono, wakasameheana, tukala pilau. Na mimi nililia, msinicheke.

Wakati wa kuondoka mjomba akasema, "Bon, dada, tumesameheana. Hii mambo ya tribunal nayo tuimalize. We utadésister tu, Maître wangu atapanga yote."

Mama akakubali palepale. Kwake yeye, ukimsamehe mtu siku ya Idi halafu ukaendelea kumshitaki, basi hukusamehe.

Siku ya kesi, wakili wa mjomba, ndiye huyo Maître, akasimama na suti yake, akasema mama anajitoa, "se désiste de l'instance et de l'action." Aliyasema haraka kama anakimbizwa na mvua.

Jaji alikuwa mwanamke. Akaweka kalamu chini.

"Mama, umesikia Maître? Unajua unaacha nini?"

"Naacha kesi, Madame."

"Kesi iko kitu kimoja, haki iko kingine. Ukidésister ya instance, unaacha hii kesi tu. Kaka yako akikusumbua, unaweza kurudi. Ukidésister ya action, donc umeacha na haki ya kudai. Ile vyumba hutaiuliza tena kwa jaji yeyote. Sasa niambie, unaacha gani?"

Mjomba anaangalia viatu vyake.

Namjua mama. Hakuwa anawaza vyumba, alikuwa anawaza Idi. Akibakiza chochote, je, ule msamaha ulikuwa wa uongo? Niliogopa jamani, maana nilijua anaweza kuitikia yote kwa ajili ya kaka yake, na kilichobaki cha babu kikaishia hapo.

Akasema polepole:

"Madame, kaka yangu nimemusamehe, Mungu iko shahidi. Lakini ile vyumba haikunikosea kitu. Mi ntaisamehe ya nini?"

Watu wakacheka, karani naye hakujizuia. Jaji akaandika instance peke yake. Akamuuliza mjomba kama anakubali, akaitikia kwa kichwa.

Mtauliza, vyumba vilirudi? Wapangaji bado wamo mpaka leo.

Idi ya juzi mjomba alikuja tena. Mama akampikia vilevile, akampakulia na mnofu mkubwa. Alipomaliza kula na kunawa, mama akamwambia, "Asante kwa kuja, kaka. Alors, Jumatatu tuonane tribunal."

Nilichojifunza: ukisikia neno hilo mbele ya jaji, usiitikie kwanza. Uliza unajitoa kwenye nini, kwenye kesi au kwenye haki yenyewe. Na kumsamehe ndugu hakukulazimishi kumwachia chumba.

Wanasheria wa humu, nirekebisheni nilipoteleza. Na wewe ungekuwa mama, ungemjibu nini jaji? Nasoma comment zenu hapa, na mama yuko pembeni anapiga pasi kitenge cha Jumatatu.