Chui Jike wa Bonde la Sikuda

Mume wangu alikuwa dereva wa lori mjini Busia. Wahindi walipofukuzwa nchini na maduka yakabaki matupu, lori likakosa spea, nasi tukahamia Sikuda kwa mama yake. Nilikuwa mke mgeni, msichana wa mjini, hata jembe sijui kulishika. Mama mkwe hakunicheka. Alinipa panga akanipeleka bondeni kukata mafunjo ya kusukia mikeka.

Asubuhi moja, maji yakitufika magotini, alinishika mkono. Mbele yetu, juu ya kichuguu kikavu, chui jike alikuwa amejilaza, watoto wake wawili wakimchezea mkia. Alitutazama, hakuinuka.

"Rudi nyuma polepole," mama alininong'oneza. "Usimpe mgongo."

Tulirudi hivyo hadi tukatoka majini. Nilidhani mama atawaita wanaume waje na mikuki. Badala yake alipita kwa wanawake wenzake waliokata mafunjo, akawaomba tuhamie upande wa chini mpaka watoto wale wakue. Mwanamke mmoja alikuwa ameliwa mbuzi na chui huyo, akakataa kabisa. Walibishana hadi jua likawa kali.

"Haya," mwenye mbuzi alisema mwishowe. "Akinilia mwingine, utanipa wako."

Njiani nilimwuliza mama kwa nini anamhurumia mnyama mkali.

"Zamani walikuwa wengi, ukilala unawasikia wanakoroma huku na huku," alisema. "Siku hizi namsikia huyu tu."

Wakati ule ngozi za chui zilivushwa Kenya kwa magendo, na wanajeshi wakipewa chao wanafumba macho. Mume wangu alikuwa amepata mnunuzi. Jioni, mama yake akiwa jikoni, akaniambia, "Nataka tu kujua huyo chui iko wapi."

"Sijui."

"Unajua. Ngozi moja tu, lori inatembea tena."

"Najua," nikasema, "na sitakuambia."

Alinitazama kana kwamba ameletewa mke mwingine. Siku kadhaa tulisemeshana kwa shida. Nami nilijiuliza kama nina akili timamu. Watu walikuwa wakichukuliwa na wanajeshi majumbani mwao wasirudi, na mimi nagombana na mume wangu kwa ajili ya chui. Lakini tulikuwa tumezoea kuulizwa fulani yuko wapi na kujibu hatujui. Labda ulimi wangu ulikuwa umeshajifunza kazi hiyo.

Mvua zilipopungua, wanajeshi walikuja bondeni kuwinda. Tulisikia risasi tukiwa shambani. Walipoondoka tulikwenda sote watatu. Kwenye kichuguu tulikuta damu, na mafunjo yamelazwa pale walipomburuta chui. Mama alisimama majini.

Mume wangu ndiye aliyeziona nyayo matopeni, ndogo, za mtoto mmoja wa chui, zikielekea ndani ya mafunjo. Nikaogopa atazifuata. Akavua viatu, akaingia matopeni, akaanza kuzikanyaga moja moja hadi zikafutika zote.

"Wanaweza kurudi," alisema, bila kututazama.

Mtoto yule tulimsikia akikoroma misimu michache, mbali, upande wa Masafu. Baadaye hatukumsikia tena. Bonde lenyewe liligeuzwa mashamba ya mpunga, mafunjo yakabaki ukanda mwembamba kando ya mto. Sijui kama aliuawa au alihama. Hupenda kuamini alihama, ingawa sioni angekwenda wapi.