Beseni la Nyakerario

Nyakerario hakuona pakiti ya sindano ikipasuliwa. Ni hilo tu. Mwanamke aliyezaa watano bila kupiga kelele, aliyewahi kumtoa nyoka kwenye kikapu cha majani chai na kuendelea kuchuma, huyo huyo akionyeshwa sindano hugeuza uso kama msichana wa shule. Siku hiyo, katika kliniki moja ndogo ya Keroka alikokwenda kupimwa sukari, aligeukia ukutani akaangalia kalenda ya duka la mbolea. Aliporudisha macho, sindano ilikuwa imeshaingia na damu inapanda.

Sukari ilikuwa sawa. Akarudi kwake Ikonge amefurahi, akaketi kumenya ndizi, na hapo kisu kikasimama. Ile sindano ilitoka wapi? Aliyemtangulia kuingia alikuwa kijana mmoja aliyekonda, nguo zinamning'inia. Na kama ni ile ile?

Tangu hapo usingizi ukamhama.

Alirudi kliniki. Masese, mpimaji aliyemdunga, hakumkaripia. Alimwonyesha sindano mpya zikiwa zimefungwa, akamwonyesha na sanduku la manjano zinakotupwa zikishatumika mara moja. "Mama, hapa hakuna anayerudia sindano," alimwambia. Akampima virusi vya Ukimwi, hakukuwa na kitu. Akaongeza kwamba kama moyo hautulii, arudi baada ya miezi mitatu apimwe mara ya mwisho. Masikini Masese alidhani anamtuliza. Nyakerario alisikia moja tu: kumbe bado vinaweza kuwa vimejificha. Na safari hii alikuwa amekodoa macho mpaka yakatoa machozi, akaona kila kitu kikifunguliwa. Lakini ile pamba je? Pamba ilitoka wapi? Dawa ya hofu yake ilikuwa kupimwa, na kupimwa ni kudungwa tena. Atatokea wapi?

Nyumbani alifunga uzi mwekundu kwenye kikombe chake ili mtu asikiguse. Mjukuu aliyezoea kula kwenye sahani yake alifukuzwa kama kuku. Si kwamba hakujua. Redio imesema tangu zamani kikombe hakiambukizi, na yeye ndiye aliyekuwa akiwasimanga wajinga wasiosikia. Kichwa kilijua, mkono ukakataa.

Kisha ikafika Sabato ya meza ya Bwana. Kabla ya mkate, waumini huoshana miguu wawili wawili, wanaume kwao na wanawake kwao. Nyakerario na jirani yake Mong'ina walibatizwa siku moja mtoni wakiwa wasichana, na tangu hapo hakuna mwingine aliyewahi kumwosha mmoja wao. Beseni lilikuwa la Nyakerario, la bluu. Mong'ina ndiye aliyelitunza, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kufika kanisani.

"Kaa, nianze na wewe," Mong'ina alisema, tayari amepiga magoti.

"Leo sioshwi."

Mong'ina akacheka. "Visigino vyako navijua tangu vikiwa laini. Lete hiyo mipasuko."

Nyakerario alikuwa akiiangalia mipasuko hiyo hiyo. Mmoja ulikuwa mwekundu ndani. Akaangalia na vidole vya Mong'ina, vilivyochanwa na chai kama vyake. Akarudisha miguu chini ya benchi.

Wanawake wengine wakageuza vichwa. Kanisani kwao huinami kumwosha mwenzako kabla hujapatana naye, kwa hiyo anayekataa maji ya mtu ametangaza mbele ya wote kwamba ana kinyongo naye.

"Nimekukosea nini?" Mong'ina aliuliza polepole.

Angesema nini? Kwamba anaogopa ana ugonjwa? Mjane? Wale wanawake wangeuliza ni wa mwanamume gani kabla ya kuuliza ni wa sindano gani.

"Unajua mwenyewe," akasema.

Uso wa Mong'ina ukabadilika. Mikono yake ilikuwa bado ndani ya maji. "Ni yale niliyosema siku ya kumzika Ombati?"

Ombati alikuwa marehemu mume wa Nyakerario. Nyakerario hakuwahi kusikia kwamba siku hiyo kulisemwa lolote.

"Ndiyo," akajibu.

Mong'ina alijifuta mikono, akaenda kuoshana na mwanamke mwingine. Nyakerario alitoka kabla ya mkate. Njiani hakuwaza kuhusu sindano hata mara moja. Alikuwa akijiuliza ni maneno gani hayo, na atamwuliza nani sasa.

Jumatatu asubuhi alikuta beseni limeachwa langoni, limefutwa likakauka. Mong'ina hakuwa amebisha hodi. Shambani kwake, ng'ambo ya ua, alionekana akichuma chai amempa mgongo.

Nyakerario alilibeba kwa ncha za vidole. Akachemsha maji, akatia jiki ya kuulia vijidudu, akalisugua ndani na nje mpaka michubuko ya mikono ikawaka moto, ingawa miguu yake haikuwa imeligusa. Akalisuuza. Akalisugua tena. Halafu akaliinamisha juu ya ua likauke, na hakulitoa pale tena.