Inabeba Watu Wangapi

Mtakaosema nimetunga, semeni. Mimi ndiye niliyekuwepo, na kile kitu mpaka leo kiko chini ya meza yangu hapa Songea, kinanguruma. Wala haikuwa usiku. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja jioni, mvua inanyesha, watu wanapita na miamvuli yao. Kwa hiyo yale maneno ya "labda ulikuwa na usingizi" nayakataa mapema.

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi. Mwaka huu nilijibana nikaagiza kadi mpya ya grafiki, ile inayoifanya kompyuta ichakate picha haraka. Ilifika kwa basi kutoka Dar, nzima, imefungwa vizuri, nikafurahi kama mjinga. Hakuna aliyeniambia kwamba kadi ile inakula umeme kuliko kompyuta yote iliyobaki, na kwamba pawasaplai yangu, kile kiboksi cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine, isingeweza hata kuiamsha. Kwenye boksi la kadi waliandika pawasaplai isipungue wati mia sita na hamsini. Yangu ilikuwa ya mia tatu.

Rahisi, si ndiyo? Nenda dukani, nunua kubwa. Haya, nilinunua, na ile ya zamani nikamwachia muuzaji kwa mbwembwe, naye akaiuza siku hiyohiyo. Karatasi ubavuni mwa hiyo mpya ilisema wati mia saba. Kompyuta ikawaka. Nilipoanza tu kutoa video iliyokamilika, ikazima. Nikairudisha, muuzaji akanipa nyingine huku akiapa. Ikazima palepale. Ya tatu ilizima, na juu ya hapo ikanuka plastiki inayoungua. Nikampigia simu yule muuzaji, nikamuuliza kama amewahi kufungua hata moja akaona kilichomo. Akanijibu, "Bosi, si imeandikwa?" Imeandikwa. Kama maandishi yangekuwa umeme, Songea tusingekosa taa hata siku moja.

Ingekuwa kazi ya kawaida ningesubiri. Lakini ndani ya kompyuta ile kulikuwa na harusi ya binti mmoja anaitwa Agnesta. Baba yake alisimama ukumbini akambariki kwa maneno yaliyomliza kila mtu, na wiki tatu baadaye akafariki. Kadi ya kumbukumbu ya kamera nilikuwa nimeshaifuta nipate nafasi ya kazi nyingine. Kosa ni langu, sijifichi. Picha zilibaki kwenye diski moja tu, na kila mashine ilipozima ghafla, diski ililia kwa ndani. Nilijaribu kuzinakili, ikazima katikati. Mama Agnesta, mjane, alitaka jambo moja: Jumamosi, siku ya arobaini, ndugu kutoka Madaba wamsikie mumewe akisema. Alinipigia kila asubuhi, kwa upole. Ule upole ndio ulioniumiza. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Sasa hiyo Alhamisi nilikwenda kurudisha ile ya tatu, nikakuta duka limefungwa. Kwenye baraza ya jirani alikaa mzee mmoja juu ya kigoda, mbele yake kiroba kimetandikwa na pawasaplai kuukuu zimerundikwa juu yake. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia, akanyoosha mkono kabla sijasema shida yangu. Aliipima yangu kiganjani kama mama anayechagua papai. Akaitikisa sikioni. Ndani kikagonga kitu.

"Umeuziwa zege," akasema.

Akatoa bisibisi, akaifungua. Niaminini, ndani kulikuwa na waya chache na kipande cha zege kilichogundishwa ili boksi liwe zito. Nilitaka kulia kwa hasira.

"Karatasi yoyote inaandikika," akaniambia. "Usisome. Beba. Halafu tikisa."

Akapekua rundo lake, akainua moja isiyo na karatasi kabisa, kona moja imeshika kutu. Nilipoipokea mkono ulishuka.

"Unataka ibebe watu wangapi?"

Kiswahili chetu cha huku mnakijua. Wengi tumezaliwa na Kingoni au Kimatengo mdomoni, maneno tunayachanganya, hatuoni haya. Nikajua anamaanisha wati.

"Wati, mzee. Wati mia sita na hamsini."

"Nimekuuliza watu."

Nilikuwa nimelowa, nimechoka, siku mbili zimebaki. Nikamjibu kwa kejeli, Mungu anisamehe. "Basi watu wote wa harusini."

"Wote?"

"Wote."

"Na wewe?"

"Na mimi, mzee. Nipakie na mimi."

Hakucheka. Aliniwekea kwenye mfuko. Nilipouliza bei alisema atakula Jumamosi kwenye shughuli. Nimeshafika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba sikumtajia shughuli yoyote.

Nikaifunga. Kompyuta ikawaka, ikatoa video yote bila kukohoa, haikufika hata saa moja. Nikaangalia ile hotuba ya baba peke yake, nikaona iko salama, nikalala usingizi wa wiki nzima.

Jumamosi, baada ya misa na chakula, tulijaa sebuleni kwa Mama Agnesta. Baba Agnesta akasimama kwenye runinga, akambariki binti yake. Mjane aliweka kiganja mdomoni, analia huku anatabasamu. Nikashusha pumzi. Halafu picha ikageuka kuelekea nyuma ya ukumbi.

Siku ya harusi viti vya nyuma vilikuwa vitupu, nakumbuka vizuri, maana mvua iliwachelewesha wageni na mimi nikalalamika kwamba picha inapwaya. Kwenye runinga vilikuwa vimejaa. Wazee waliokaa nami sebuleni wakasogea karibu na runinga mmoja mmoja. Bibi mmoja wa Madaba akaanza kutaja majina taratibu, anayafuata kwa kidole. Wote aliowataja walikwishazikwa. Mwishoni mwa safu alikaa yule mzee wangu wa baraza, kiroba magotini.

"Huyo ni shemeji yangu," Mama Agnesta akasema. "Alikuwa fundi redio. Tulimzika wakati Agnesta hajaanza shule."

Na pembeni ya yule mzee nilikaa mimi. Kizibao changu cha mifuko mingi, kofia yangu, napiga makofi. Na picha ilikuwa inatembea, maana stendi ya kamera sikuwa nayo siku ile, niliishika mkononi.

Mama Agnesta akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Mwanangu, kama wewe umekaa pale, nani alishika kamera?"

  Mama Agnesta haogopi, ile video anaiwasha kila Jumapili, anasema angalau wako pamoja. Mimi ndiye niliyebaki na kero. Nimeagiza pawasaplai mbili nyingine, za kweli, nzito, nimezitikisa mwenyewe. Nikizifunga kompyuta haiamki. Nikirudisha ile yenye kutu inaamka. Na sasa kila harusi ninayoihariri, nipo safu ya nyuma, napiga makofi. Wateja wananilalamikia kwamba mpiga picha gani huyu anayejitia kwenye video za watu. Nawaambia nitakata kipande hicho. Nakikata, na video ikitoka tena nimekaa vilevile.

Kwa hiyo wewe unayetaka kadi mpya, nisikilize. Usinunue karatasi. Beba, tikisa, ikigonga irudishe. Na ukikutana na mzee barazani akakuuliza inabeba watu wangapi, usimkosoe Kiswahili chake, anajua anachouliza. Mtajie unaowataka, mmoja mmoja, kwa majina. Hasira zikikupanda ukasema wote, sema. Ila akikuuliza "Na wewe?", kataa.