Nilikagua bei za maduka kwa siri Unguja, na mtaa mzima ulikuwa ukinijua

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Juzi nimesoma uzi wa kijana mmoja humu anauliza: zile kazi za app za kuingia madukani kimya kimya, unanunua kitu kidogo, unaandika bei, unatumiwa vijisenti kwenye simu, zina maana yoyote au ni kumaliza soli za viatu tu?

Waliomjibu ni wengi, na wengi wao inaonekana hawajawahi kuifanya kazi hiyo.

Mimi nimeifanya. Tena kabla hizo app hazijafikiriwa, hapa hapa Unguja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa binti wa miaka kumi na tisa. Leo ni bibi mwenye wajukuu, na mmoja wao ndiye aliyenifungulia akaunti. Sina umri wa kuwatungia watu hadithi. Haya yamenipata mwenyewe, na kuna kipande kinanitia aibu hadi leo.

Jibu langu nalitoa mapema: kazi ina maana. Ila si kwa namna nilivyoanza kuifanya mimi.

Siku zile sukari, unga na mchele vilikuwa vya shida. Bei zilipangwa, na kila mwenye duka alitakiwa atundike kibao cha bei mahali pa kuonekana. Kuna ofisi ilikuwa ikifuatilia mambo hayo, jina lake tuliache. Bosi alikuwa Bwana Haji, mtu mzima mwenye miwani minene, mkali lakini hana roho mbaya. Alitaka msichana anayejua kusoma na kuandika, aende madukani kama mnunuzi wa kawaida, kisha aandike alichouziwa na bei aliyotozwa.

Posho ilikuwa ya kuchekesha. Ungeweka wiki kadhaa ndiyo upate doti moja ya kanga, na isiwe ile nzuri.

Lakini nilijiona mtu! Kazi ya siri, wakuu. Nyumbani kwetu, mtaa wa Malindi hapa mjini, nilimwambia mama peke yake, na mama akafanya anachofanya mama yeyote wa mjini binti yake akipata kazi ya ofisi. Kila asubuhi aliweka makaa kwenye chetezo, akatia udi, akanifukizia nguo na buibui mpaka nikawa nanukia kama bi harusi. "Mtu haendi kazini ananuka jiko," alikuwa akisema.

Mnaona tatizo liko wapi? Mimi sikuliona kwa miezi miwili.

Niliamini buibui limenificha. Uso nimeufunika, nani atanijua? Nikavuka kwenda Ng'ambo, upande wa pili wa mji, duka baada ya duka. Nusu ratili ya sukari hapa, yaani chini kidogo ya robo kilo, kibaba cha unga kule. Kila nilikoingia bei ilikuwa sawasawa na kibao. Mizani inashuka upande wangu. "Karibu tena, mwanangu." Nikirudi ofisini naandika kwa mwandiko wangu mzuri: duka safi, duka safi, duka safi.

Bwana Haji alifurahi sana. Nami nikajiona mkaguzi hodari kuliko wote.

Sasa akatokea Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa mjane, anakaa Mwembetanga, huko huko Ng'ambo, anapika visheti na kuviuza barazani kwake. Visheti bila sukari si visheti, kila mtu anajua. Alikuja ofisini kushtaki kwamba Mzee Faki, mwenye duka la mtaani kwake, anauza sukari kwa bei ya juu, na haitoi mpaka ununue na kitu kingine usichokihitaji.

Bwana Haji akanituma mimi.

Nikaenda na udi wangu. Mzee Faki akanipimia, akaongeza na kijiko juu, akataja bei halali. Nikaandika: duka safi, malalamiko si ya kweli.

Naomba muyasome tena maneno yale manne ya mwisho. Niliyaandika mimi, na sikuona tabu yoyote.

Wiki moja baadaye Bi Tatu aliitwa ofisini. Nilikuwa nimekaa mezani napanga karatasi. Bwana Haji akamsomea ripoti yangu, akamwambia aache kumchafulia mtu jina, aende akamtake radhi.

Yule mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Bwana Haji, tangu nlivyokuja kushtaki, Mzee Faki haniuzii kabisa. Nikifika, sukari imekwisha. Siku ya nne leo sijatia karai motoni, na watoto wangu wanakula kwa hilo karai."

"Ripoti imeshasema, Bi Tatu."

Akainuka. Alipopita karibu na meza yangu alisimama, akavuta pumzi kwa pua. Kisha akanitazama usoni, nami siku hiyo uso ulikuwa wazi.

"Mwanangu, njoo nje kidogo."

Nikamfuata. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Kumbe ni wewe?"

"Mimi nani?"

"Wee si ndiye udi? Mtaa mzima ushakujua, miye na wenzangu. Siku ile nlikuwa barazani kwangu, upepo ukaleta harufu kabla wewe hujapinda kona. Mzee Faki akatoa kibao cha bei chini ya meza, akakitundika. Ulipoondoka, akakirudisha."

Nilitaka kubisha. Hakunipa nafasi.

"Mwanangu, nani anajifukiza udi kwenda kununua nusu ratili ya sukari?"

Wakuu, nilikasirika. Kwanza nilimkasirikia yeye, naungama. Halafu nikamkasirikia mama na chetezo chake. Mwisho nikafika kwa mwenye kosa, ambaye ni mimi. Miezi miwili maduka yote ya Ng'ambo yalikuwa yakiniuzia bei ya mgeni wa heshima, na mimi naandika kwamba hiyo ndiyo bei ya watu. Na sasa kuna karai limekaa baridi kwa mkono wangu.

Nikamwambia, "Bi Tatu, niazime buibui lako."

Kesho yake nikaenda kwake Mwembetanga. Sikujifukiza, mama akanuna. Bi Tatu akanivisha buibui lake la siku zote, lililokolea mafuta ya kukaangia na moshi wa makumbi ya nazi. Akanipa na kikapu chake. Akanifundisha pia, maana kumbe hata kununua sikujua. "Usimtajie haja yako kwa haraka. Simama kando, ngoja wenye pesa wamalize. Akikwambia hakuna, usiondoke."

Nikasimama. Mzee Faki hata hakuinua macho. Kibao hakikuwepo.

Nilipofika mbele nikasema nataka sukari.

"Hakuna."

Sikuondoka.

Akanuna, akachungulia pembeni. "Ipo kidogo. Bei si ile ya kibao, na utachukua na sabuni mbili."

"Sabuni ninayo, baba."

"Basi na sukari unayo. Kama hutaki nenda ofisini kashtaki. Ofisi yenyewe naijua kwa harufu."

Watu wawili waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Walikuwa wakinicheka mimi bila kujua kuwa ndimi. Nililipa, nikachukua sukari na sabuni zangu mbili, nikatoka na hasira na aibu pamoja.

Jioni ile ile niliandika. Niliandika bei, niliandika sabuni, niliandika na lile neno la harufu kama lilivyosemwa. Kisha nikaongeza mstari ambao mkono ulikuwa mzito kuuandika: ripoti zangu zote za nyuma zisitumike, kwa sababu wenye maduka walikuwa wakinijua.

Bwana Haji alisoma, akavua miwani. "Unajua unajifukuzisha kazi?"

"Najua."

"Na mimi unaniweka wapi? Nimemwambia yule mama ni mwongo."

"Umwambie kwamba si mwongo."

Siku zile msichana wa kumi na tisa hasemi hivyo na bosi wake. Nilisema.

Nitamsifu kwa hili: alikwenda mwenyewe kwa miguu mpaka dukani. Mzee Faki alianza kukana, mpaka akawekewa zile sabuni mbili juu ya meza yake. Alionywa mbele ya watu, kibao kikapigiliwa misumari mlangoni, na akaamriwa amuuzie Bi Tatu kama anavyowauzia wengine. Karai likarudi motoni.

Mimi sikufukuzwa. Ila nilimwambia Bwana Haji kwamba siwezi tena kuifanya peke yangu, ampe kazi Bi Tatu. Akasema mama yule hajui kuandika. Nikasema, "Yeye anunue, mimi niandike. Posho tutagawana."

Ndivyo tulivyofanya, karibu mwaka mzima. Posho iliyokuwa ya kuchekesha ikawa nusu ya kuchekesha. Na nawaambia bila kusitasita, huo ndio muda pekee kazi ile ilikuwa na thamani. Tuligundua mambo ambayo kwa udi wangu nisingeyagundua maisha. Hata Chwaka, mbali na mji, tulikwenda, yeye mbele na kikapu, mimi nimekaa mbali naye, barazani kwa watu, najifanya mgeni.

Kwa hiyo kijana uliyeuliza: malipo madogo si hoja kubwa. Jiulize unaingia pale kama nani. Kama muuzaji akikuona anatengeneza uso, unachoandika ni ule uso, si bei. Na kabla hujaingia, kaa na anayenunua pale kila siku umsikilize.

Wenye kuifanya kazi hii leo, njooni mtueleze mnavyoifanya. Na wenye maduka humu pia karibuni, najua mpo, semeni mnavyowatambua. Nitasoma zote, polepole, macho si yale.

Nimalizie na siku Bi Tatu alipopewa posho yake ya kwanza. Alizishika zile shilingi kiganjani, akamtazama Bwana Haji, wala hakuwa na hasira.

"Nlikuja hapa nkasema bure, hamkunisadiki," alisema. "Leo mnanlipa nseme yale yale."